Dakika Tano Bila Salamu

Kabla chama chetu cha walimu wa mazoezi hakijafungua daftari la wataalamu waliosajiliwa, kazi yangu ilikuwa ya kila mwenye filimbi. Hapa Mbeya ungeweza kununua tracksuit ya mtumba Jumamosi, ukaivaa Jumapili, na Jumatatu ukaitwa mtaalamu wa viungo. Nimeshuhudia kocha akimnyoosha mchezaji goti lililovimba, mchezaji analia, naye anamwambia maumivu ndiyo dalili ya kupona. Nimemwona jamaa mmoja akimuuzia mama mwenye kisukari unga wa kwenye kopo na kumwahidi kwamba dawa za hospitali ataziacha. Mambo hayo yalinichoma. Nilikuwa nimefundisha michezo sekondari kule Iringa miaka kumi na miwili, nikarudi chuoni na umri wangu kusoma sayansi ya mazoezi, nikakaa darasani na watoto niliowazidi kwa kila kitu isipokuwa kasi ya kuandika. Sikusoma ili nije kufananishwa na muuza makopo.

Kwa hiyo chama kilipoitisha mkutano Iringa mjini kujadili viwango vya taaluma, nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Wenzangu wengine walinung'unika kwamba masharti ni magumu, kwamba wakaguzi watatusumbua, kwamba huku kwetu si Ulaya. Nilisimama nikasema, "Asiyejua kupima akauze nyanya." Ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi, nami nikakaa nikijiona nimesema neno la kukumbukwa. Na kweli lilikumbukwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Masharti yenyewe yalikuwa hivi. Unachagua wateja kumi na wawili, unawaandika majina mwanzoni, na ukishawaandika hubadilishi. Unawapima siku ya kwanza, unawasimamia mazoezi miezi mitatu, unawapima tena. Mteja akiacha kabla ya ukaguzi si kosa, ila sababu ya kuacha iandikwe na yeye mwenyewe atie sahihi kwamba ndiyo sababu. Mwisho anakuja mkaguzi, anakaa pembeni, anakutazama ukifanya kazi. Akiridhika, kitabu chako kinakwenda kwenye kamati, nawe unapewa namba ya usajili.

Namba hiyo niliitaka kuliko nilivyowahi kuitaka shahada. Daktari mmoja wa hapa mjini alikuwa ameniambia waziwazi kwamba wagonjwa wake wa presha na kisukari atawaleta kwangu siku nitakapomwonyesha usajili, si kabla, na sikuweza kumlaumu kwa sababu mimi mwenyewe ningesema vilevile. Tena nilikuwa na miaka arobaini na tisa na nimechoka kuitwa mama wa aerobiki.

Darasa langu lilikuwa katika ukumbi wa kanisa, Jumanne na Ijumaa, saa moja asubuhi. Mwezi wa sita Mbeya saa moja asubuhi si saa ya kumtoa mtu mzima kitandani, lakini walikuja, wamejifunga vitenge juu ya masweta, pumzi zinafuka. Kulikuwa na mama anayefanya biashara ya mchele wa Chimala, mwenye sauti iliyozoea soko. Kulikuwa na mzee mstaafu wa kiwanda cha karatasi cha Mgololo, aliyekuja kuishi na binti yake mjini. Wengine walikuwa wakulima wa pembezoni na watumishi wa maofisini, Wanyakyusa, Wasafwa, Wasangu, Wabena, na mimi Mhehe wao. Wa kumi na mbili alikuwa mzee mwenye duka la vitambaa, mtu wa miaka sitini na kitu, Mhindi kwa asili na mtu wa Mbeya kwa kuzaliwa, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Ndilo lililomleta.

Kipimo changu kikuu kilikuwa cha mapigo ya moyo. Mteja anakaa kwenye benchi dakika tano, anapumzika, nahesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono. Halafu anapanda na kushuka kijukwaa cha mbao nilichochongesha kwa fundi, dakika tatu, kwa kufuata mdundo kutoka kwenye simu yangu. Yule wa goti nilimpa kijukwaa kifupi. Nahesabu tena. Lakini namba inayobeba nyumba nzima ni ile ya kwanza, ya mapumziko. Moyo wa mtu anayefanya mazoezi hujifunza kufanya kazi ileile kwa mapigo machache zaidi. Ukikosea namba hiyo, yote yanayofuata yamejengwa juu ya mchanga.

Siku ya kwanza niliwapima wote kwa pamoja, mlango wazi, watu wakiingia mmoja mmoja na wenzao wameshakaa. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimejipanga vizuri zaidi. Niliwaita kila mtu kwa saa yake, ukumbi mtupu, mimi na yeye tu. Matokeo yaliponitokea kwenye karatasi nilicheza mwenyewe katikati ya ukumbi. Mama wa mchele alikuwa ameshuka mapigo kumi na nane. Mstaafu wa Mgololo kumi na manne. Wote kumi na mmoja walikuwa wameshuka kwa namna ambayo vitabuni huioni kirahisi, nami badala ya kujiuliza kwa nini vitabuni haionekani, nilijipongeza.

Mzee wa duka alikuwa ameshuka mapigo matatu.

Ijumaa iliyofuata nilisoma matokeo mbele ya darasa. Nilianza na mama wa mchele, tukampigia makofi, akazunguka ukumbi ameinua mikono kama bondia. Nilipofika kwa mzee wa duka nikaweka karatasi chini. Kazi yake ya nyumbani ilikuwa kutembea nusu saa kila jioni.

"Mzee wangu, kule nyumbani unatembea kweli?"

"Kila siku, Mwalimu. Mimi na mke wangu. Mpaka mwisho wa barabara na kurudi."

"Namba hazidanganyi," nikasema. "Anayedanganya ni mtu. Wewe umezoea kaunta, baba, kubali tu."

Watu walicheka. Nilikuwa nimekusudia wacheke. Yeye hakucheka. Alisema, "Sawa, Mwalimu," akakunja taulo lake vizuri mara nne, akachukua sweta, akatoka kwa mwendo wake wa kuchechemea. Jumanne hakuja. Ijumaa hakuja. Kwenye kitabu nikachora mstari mwekundu kwenye ukurasa wake na kuandika: amejitoa, hakufuata programu. Pale pa sahihi yake niliacha wazi nikijiambia kwamba nitampelekea siku moja dukani, atatia sahihi, yataisha.

Wiki mbili baadaye mkaguzi alifika kutoka Iringa. Alikuwa mwanamume wa rika langu, mwembamba, sweta limefungwa vifungo hadi shingoni. Aliponisalimia kwa Kihehe "Kamwene" niliinama kidogo kuitikia kabla hata sijajua nimeinama, nikafurahi kwamba wamenitumia mtu wa nyumbani. Aliomba nirudie kipimo cha siku ya kwanza, vilevile nilivyokifanya, na wateja walewale. Nilikuwa na uhakika. Wateja kumi na mmoja nilishawaambia wafike, na kijukwaa nilikipiga msasa upya.

Walikaa kwenye benchi. Nikawasha saa. Dakika ya kwanza akaingia mstaafu wa Mgololo, amechelewa. Wanawake waliokuwa benchi wakashuka wakapiga magoti, "Shikamoo baba," akawaitikia mmoja mmoja, wakarudi kukaa. Dakika ya pili akaingia mama mmoja mtu mzima wa Kinyakyusa. Wakainuka tena, wanaume nao, "Ugonile," na yeye naye akachuchumaa kuwasalimia waliomzidi. Dakika ya nne akaja mke wa mchungaji kuchukua funguo za stoo. Hapo hakuna aliyebaki amekaa, mimi nikiwemo. Tulimsalimia, tukamuuliza habari za watoto, akatuuliza za mazoezi, akaenda zake. Dakika tano zikatimia. Nikamshika mama wa mchele mkono, nikahesabu, nikaandika.

Mkaguzi alikuwa anachora vijistari kwenye daftari lake. Nilidhani anahesabu makosa ya vidole vyangu na sikuwa na wasiwasi, kwa sababu vidole vyangu havikosei.

"Huyu mama amepumzika kwa muda gani?" akauliza tulipobaki wawili.

"Dakika tano, kama kanuni inavyosema."

"Ameinuka na kupiga magoti mara tatu."

"Hiyo ni salamu."

"Naam, nimeona."

"Salamu si zoezi, ndugu yangu!"

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Yeye hakupandisha yake. Alinionyesha benchi, nikakaa. Tulikaa dakika tano, nikaanza kusikia kunguru juu ya bati. Akanipima mapigo, akaandika. Kisha akatoka nje, akagonga mlango, akaingia upya kama mgeni, akasema "Kamwene." Nami, ninaapa, niliinuka. Alitoka akaingia tena, na tena, na mara zote tatu magoti yangu yalikunjuka na kukunjika yenyewe, hata pale nilipokuwa nimeshaelewa anachonifanyia. Aliponipima mara ya pili yalikuwa yamepanda mapigo kumi na matano.

Mtu aliyelelewa kwingine anaweza kuona huu ni upumbavu. Lakini nyumbani kwetu, ukimsalimia mkubwa ukiwa umesimama wima, mama alikuwa anakurudisha nje ya mlango uingie upya. Nilirudishwa mara nyingi mpaka mwili ukajifunza. Ungeniuliza asubuhi ile nimefanya nini tangu niamke, ningekutajia kufagia, kuchota maji, kutembea hadi ukumbini. Kupiga magoti mara ishirini kusingeingia kwenye orodha. Aliyeiandika ile kanuni ya dakika tano hakusema mlango ufungwe, kwa sababu hakuwahi kuingia ukumbi wa Mbeya saa moja asubuhi. Na mimi niliyezaliwa huku, niliyepaswa kuijua hiyo tofauti kuliko yeye, nilinakili kanuni yake bila kuitazama mara mbili. Siku ya kwanza niliwapima watu waliotoka kupiga magoti. Miezi mitatu baadaye nikawapima kwenye ukumbi mtupu usio na wa kumsalimia. Sehemu kubwa ya yale mapigo niliyojipongeza kuyashusha yalishushwa na mlango.

Mkaguzi alikuwa anafunua kitabu changu taratibu. Akafika kwenye mstari mwekundu.

"Na huyu wa kumi na mbili?"

"Huyo hakufuata programu. Ameshuka matatu tu."

"Yeye siku ya kwanza alisalimiaje?"

"Huyo ana goti bovu, hainuki. Anasalimia amekaa, ananyoosha..."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe. Katika watu kumi na wawili, mmoja tu alikuwa amepumzika kweli siku ile ya kwanza. Namba moja tu katika kitabu changu ilikuwa ya haki, na ndiyo niliyoipiga mstari, na mwenyewe nikamwita muongo.

Mkaguzi hakunisuta, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema nirudie kipimo cha kwanza, nisimamie miezi mitatu upya, nieleze kosa kwa maandishi yangu. Ila huo ukurasa wa mstari mwekundu, akasema, hauwezi kwenda kwenye kamati ulivyo. Sababu iliyoandikwa si ya kweli. Isahihishwe, mteja aisome, atie sahihi. Bila sahihi hiyo kitabu hakipokelewi, hata kama wale kumi na mmoja watakuwa safi kama theluji ya vitabuni.

Nilikasirika siku mbili nzima. Nilimkasirikia mkaguzi, nikasema ni polisi wa kijiji aliyepewa kalamu. Nilimkasirikia mke wa mchungaji na funguo zake. Nilipanga hoja za kuipelekea kamati, hoja nzuri tu, kuhusu viwango vya kigeni na mila zetu, na ningezitetea vizuri kwa sababu kusema najua. Siku ya tatu, nikiwa naosha vyombo, nikagundua kwamba hoja zangu zote zilikuwa za wale watu wa mkutanoni niliowatuma wakauze nyanya. Nilikausha mikono nikaenda dukani.

Mzee alikuwa anampimia mteja kitambaa kwa ile mita ya mbao. Aliniona, akaagiza niletewe kiti na chai ya tangawizi, akaendelea kupima bila haraka. Nilimwamkia. Aliitikia kama anavyomwitikia kila anayeingia dukani, wala hakuzidisha wala hakupunguza. Mteja alipoondoka nikamweleza yote: salamu, magoti, mlango, mapigo matatu yaliyokuwa ya kweli, na karatasi inayosubiri sahihi yake. Nikasema, "Nimekukosea sana, baba. Naomba unisamehe." Nilikuwa na fomu ya kusahihisha ule ukurasa kwenye mkoba na nilishaanza kuitafuta.

Akakunja kitambaa kilichobaki, akakirudisha kwenye rafu.

"Mwalimu, uliniita muongo mbele ya watu kumi na mmoja. Radhi unakuja kuniomba mbele ya vitenge?"

Nikaacha kutafuta fomu.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema. "Ningekuwa mzee wa Kihehe, au huyu wa Mgololo, ungeniambia vile? Umezoea kaunta?"

Nilitaka kusema ndiyo, ningemwambia, mimi ulimi wangu hauchagui mtu. Lakini mstaafu wa Mgololo alikuwa na namba zake za hovyo mara mbili katikati ya programu, na nilimvuta pembeni, nikamuuliza kwa upole kama analala vizuri.

"Nisingethubutu," nikasema.

"Basi." Alisema bila hasira, na hilo lilinikata maini zaidi. "Nimezaliwa hapa. Baba yangu kazaliwa hapa. Ile jioni mke wangu aliniuliza mbona hatuendi kutembea, nikamwambia goti linauma. Halikuwa linauma." Akanisogezea chai. "Kunywa, itapoa. Jumanne nitakuja. Hiyo karatasi yako tutaisoma kule kule."

Jumanne nilifika ukumbini saa kumi na mbili na nusu, nikiwa nimevaa vizuri kuliko siku ya mkaguzi. Niliwaambia darasa utaratibu mpya: tunasalimiana kwanza mpaka tumalize, kila mtu na kila mtu, magoti yote yapigwe, halafu mlango unafungwa na hakuna kuinuka mpaka niseme.

"Sasa akigonga mtu, Mwalimu," akasema mama wa mchele, "tumsikilize tu kama mbuzi?"

"Nitabandika karatasi mlangoni asubiri."

"Mh. Huyo atasema tumejiunga na dini nyingine."

Kisha nikawaambia la pili, ambalo lilikuwa gumu zaidi kuliko nilivyotarajia. Kwamba matokeo niliyowasomea hayakuwa sahihi. Kwamba wameshuka, ndiyo, lakini si kwa kiasi kile. Mama wa mchele alikuwa ameshaitangaza ile kumi na nane Chimala nzima, kuanzia mashineni hadi sokoni.

"Kwa hiyo mimi sijapona?"

"Unaendelea vizuri. Kiasi gani, bado sijui. Nilikupima vibaya."

"Wewe ndiwe uliyekosea?"

"Mimi."

"Si mimi?"

"Si wewe. Wewe ulifanya kazi yako yote."

Alitikisa kichwa, lakini niliona mabega yake yameshuka kidogo, na niliona haya. Kumpa mtu furaha isiyo yake halafu kumnyang'anya ni jambo baya hata kama hukukusudia. Miaka yote nilipokuwa nahubiri viwango nilidhani vinamlinda mteja dhidi ya wale wenye makopo. Sikujua kwamba siku moja vitamlinda dhidi yangu.

Mzee wa duka aliingia wakati huo. Aliwasalimia wote, wakamsalimia, wanawake wakapiga magoti. Alikaa mwisho wa benchi, mahali pake pa zamani, goti amelinyoosha. Nikatoa fomu. Nilikuwa nimeiandika usiku mara nne, na ile ya nne ndiyo niliyobeba, kwa sababu zile tatu za mwanzo zilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu yaliyonificha nyuma yao. Nikasoma nikiwa nimesimama:

"Mteja wa kumi na mbili alifuata programu yote kama alivyoelekezwa. Matokeo yake yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la mpimaji. Mpimaji alimwita mteja muongo mbele ya wenzake bila ushahidi wowote, kwa dharau, na kwa maneno ambayo asingethubutu kumwambia mzee wa kabila lake. Mteja alijitoa kwa sababu hiyo."

Nimewahi kusoma risala mbele ya wakuu wa wilaya, nimewahi kupiga kelele uwanjani watu elfu wakinisikia, na sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa ndogo kiasi kile. Mstaafu wa Mgololo alikuwa anaangalia viatu vyake; yeye ndiye aliyecheka kwa nguvu zaidi siku ile.

"Na sisi tulicheka," akasema mama wa mchele. "Tusamehe, baba."

Mzee alinyoosha mkono akaomba karatasi. Aliisoma mwenyewe tangu juu, taratibu, kidole kikifuata mstari, kama mtu anayekagua mzigo kabla ya kuupokea. Akatoa kalamu yake mfukoni, akatia sahihi, akaandika tarehe.

Karatasi ile ndiyo iliyofungua njia. Mzee alirudi darasani, tukaanza miezi mitatu upya watu kumi na wawili, na mwishoni nilipeleka Iringa matokeo madogo kuliko ya mtu yeyote aliyeomba usajili mwaka ule. Mapigo mawili, matatu, manne. Mama wa mchele alipata matano na akaringa nayo. Mjumbe mmoja wa kamati aliniuliza mbona wenzangu wameleta kumi na kitu. Nikamjibu kwamba mimi naweza kuapia yangu, ya wenzangu aende akakae kwenye kumbi zao atazame milango. Namba ya usajili ninayo, na daktari yule ananiletea wagonjwa. Ninaipenda kazi yangu na ninaifanya vizuri, sitaki kujifanya mnyenyekevu. Lakini ikitajwa siku niliyokuwa mtaalamu, mimi sikumbuki barua ya usajili.

Nakumbuka Jumanne ile, baada ya sahihi. Mzee alirudisha kalamu mfukoni, akakunja mkono wa sweta, akaninyooshea kifundo.

"Haya, Mwalimu. Nipime."

Uso wake ulikuwa ule wa dukani, umetulia, hauna mkunjo. Kwa uso ule ungedhani jambo lote halikumgusa, na mimi, kusema kweli, ndivyo nilivyokuwa nimejiaminisha tangu siku ile aliposema "Sawa, Mwalimu" na kukunja taulo lake. Nikaweka vidole viwili juu ya mshipa. Mapigo yalikuja kwa kasi, mazito, yanagonga ncha za vidole vyangu mpaka nikapoteza hesabu. Nikaanza upya. Nilifika mia moja kabla dakika haijaisha, naye amekaa tu ananitazama, amenyoosha goti, hajainuka kwa ajili ya mtu yeyote.

"Ngapi?" akauliza.

Macho yangu yalikuwa yamejaa machozi.

"Hii siwezi kuiandika, baba," nikasema. "Hujapumzika."

Nikafunga mlango, nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.